Mikebe Saba ya Vileja

Wiki mbili zilizopita tulimzika mjomba wangu Salehe, na tangu siku ile nina hasira ambayo hata chai hainishukii vizuri. Msiba ulikuwa Magomeni, nyumbani kwa binti yake Rukia. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tulibanana sebuleni juu ya mikeka, na kila aliyefungua mdomo alimsifu marehemu. Mtu wa watu. Mtu wa dini. Mtu aliyeshika mila mpaka mwisho. Mama mmoja ambaye hata simjui alisimulia jinsi Mzee Salehe, enzi za foleni na uhaba, alivyompelekea mkwewe chakula cha harusi kwa gari kutoka Kariakoo mpaka Mombasa, maembe, mananasi, vileja, kila kitu, kwa sababu hakutaka binti yake aaibike ukweni. Wanawake wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwamo ndani ya gari lile, na nilikuwa na miaka ishirini. Rukia akapita katikati yetu, macho yamevimba, anatuomba mmoja mmoja tumsamehe baba yake kama aliwahi kutukosea, kama tunavyofanya kwenye misiba yetu, na kila mmoja alijibu kwamba amesamehe. Alipofika kwangu nilimshika mkono nikanyamaza. Akasubiri. Akaenda kwa mwingine, akidhani kilio kimenikaba koo.

Habari za wazazi wangu, na sababu za mimi kulelewa kwa mjomba, nitaziacha. Nitasema nyumba tu. Ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na uani nyuma. Kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno yalipita kutoka chumba hadi chumba bila kugonga hodi. Tulijua nani kagombana na mumewe na nani kakosa zamu ya choo. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barazani, kilikuwa cha mjomba, mwenye nyumba, na ndicho pekee kilichokuwa na dari, kwa hiyo ya kwake hatukuyasikia. Cha pili kilikuwa cha Mama Eliya, Mchaga aliyeuza vitunguu sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Cha mwisho kabisa, kilichopakana na jiko la uani, kilikuwa cha Bi Asumini.

Bi Asumini alitoka Newala. Alikuja mjini na mume, mume akafa, naye akabaki bila mtoto wala ndugu katika jiji zima. Alipika vileja, visheti na kashata, akaviuza asubuhi kwenye ukumbi wa soko, lile soko jipya lililokuwa limefunguliwa karibuni na ambalo kila mtu alikuwa akienda kulishangaa paa lake. Chumba chake kilinukia iliki na samli mpaka kwenye mto wa kulalia. Ndiye aliyekuwa somo wangu na somo wa Rukia. Msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke wa kumfunda, na huyo ndiye somo wake mpaka kaburini, unamwambia usiyoweza kumwambia mama yako. Bi Asumini alitufunda sote wawili katika chumba kile, tumekaa kwenye mkeka, yeye akikanda unga huku akizungumza, na kila tulipoona haya alitupiga kofi dogo la unga kwenye paja. Alinipenda kuliko Rukia. Najua hivyo kwa sababu Rukia alilalamika, na Bi Asumini hakukanusha.

Mwaka huo Rukia aliolewa na kijana wa Mombasa. Mpaka wa Kenya ulikuwa bado haujafungwa, ukiwa na hati zako unavuka. Kwa mila yetu, nyumba ya bibi harusi ndiyo inayompelekea bwana harusi kombe, yaani sinia za vyakula vya kila namna, na jinsi kombe linavyofika ndivyo binti anavyopokelewa. Mtu mwenye akili angenunua vitu Mombasa, akapika hukohuko. Sukari kwetu ilikuwa ya kupanga foleni tangu alfajiri, unga wa ngano wa kusikia tu kwamba umeonekana duka fulani, ukifika umekwisha. Lakini mjomba alisimama ukumbini, akiwa amevaa kanzu, akatangaza mbele ya wapangaji wote kwamba binti yake hatapelekewa kombe la ugenini. "Kombe linatoka nyumbani," alisema. "Litapikwa hapa, na Bi Asumini ndiye atakayelipika, na nitalipeleka mwenyewe kwa gari langu." Tukafurahi. Wapangaji wakatoa sukari zao. Mama Eliya alitoa kilo nzima, sukari ya watoto wake wanne, akasema, "Rukia ni binti yetu sote hapa ndani. Chukua, mama, sisi tutakunywa uji wa chumvi." Nikikumbuka kilo ile ya sukari natamani kuvunja kitu.

Bi Asumini alipika kwa siku tatu. Uani pakawa hapapitiki. Vileja vilichomwa kwa moto wa juu na chini, makaa juu ya kifuniko, na yeye alivitazama kama vile kila kimoja kina jina lake. Sokoni alikwenda mwenyewe kuchagua maembe dodo, akiyabonyeza karibu na kikonyo, mpaka wauza matunda wakamtania, "Bibi, unachagua maembe au mkwe?" Akawajibu, "Vyote viwili." Visheti vya asali alivitia kwenye sufuria yenye kifuniko. Vileja alivipanga kwenye mikebe ya biskuti, mikebe saba, tabaka juu ya tabaka na karatasi katikati, akafunga kila mmoja kwa uzi na fundo lake la kwao, dogo na bapa. Mkebe wenye vileja bora kabisa, vilivyoiva rangi ya dhahabu bila doa, aliufunga kwa uzi mwekundu. Huo ulikuwa wa mikononi mwa bwana harusi mwenyewe.

Siku moja kabla ya safari, baada ya sala ya alasiri, mjomba aliagiza chai. Nilisukuma mlango kwa kiwiko huku nikipiga hodi, kwa hiyo niliingia kabla ya kukaribishwa. Mkebe wa uzi mwekundu ulikuwa kitandani, wazi. Vileja vilikuwa vimetandazwa juu ya shuka, na pembeni yake palikuwa na kifurushi cha kaniki kilichofungwa kwa nguvu, kadiri ya ngumi mbili. Mjomba hakustuka. "Weka hapo, Hadija," alisema. "Navipanga upya, vitavunjika njiani." Bi Asumini apange vileja vivunjike! Hata mtoto wa nyumba ile asingeamini. Sikujua ndani ya kaniki mna nini, lakini nilijua si vileja, na nilijua kwa nini mwenyewe ametaka kombe lisafiri. Nikaweka chai, nikatoka, nikarudisha mlango polepole kwa adabu, kama nilivyofundwa.

Tuliondoka alfajiri kwa Pijo lake, mjomba kwenye usukani, Bi Asumini mbele kwa sababu ya miguu yake iliyokuwa ikimuuma, mimi nyuma katikati ya matenga ya maembe, mananasi, malimau na tungule. Mikebe ilikuwa imepangwa chini ya miguu yangu na mmoja nimeupakata. Chalinze tulikunywa chai. Segera alitununulia machungwa. Bi Asumini alikuwa hajawahi kufika kaskazini, alishangilia kila mlima, akaniimbia nyimbo za unyago zisizofaa mbele ya mwanamume, mjomba akajidai hasikii. Gari lilinukia embe bivu na samli. Nililisahau lile furushi, au nilijisahaulisha. Siku hizi watu wakiniuliza siku gani nilikuwa na furaha zaidi katika ujana wangu, siku inayonijia kwanza ni ile, mpaka saa tisa mchana. Hilo nalo linanikera, kwamba mtu yule alinipa na siku yenyewe.

Mpakani palikuwa na kibanda, meza chini ya kivuli cha bati, na maofisa wawili, kijana wa kilimo na mtu mzima wa forodha. Kijana aliyatazama matenga yetu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Hivi vibichi havivuki, ndugu. Vinataka cheti, kuna wadudu."

"Ni kombe la harusi," Bi Asumini alidakia.

"Nimekuelewa, mama. Vilivyopikwa nendeni navyo. Embe na tungule zitabaki, zitafukiwa."

Mjomba hakubisha. Mtu aliyeweza kugombea kibiriti na muuza duka nusu saa nzima, alisema tu, "Sheria ni sheria, ndugu," akaanza kushusha matenga mwenyewe. Alilijua hilo tangu Kariakoo. Alijua vibichi vitawashughulisha, watafurahi wamefanya kazi yao, na vilivyopikwa vitapita. Maembe yale yote, yaliyobonyezwa moja moja, aliyabeba ili yazuiwe.

Ambaye hakumtia katika hesabu ni Bi Asumini. Kwao na kwetu pia, anayebeba kombe hampiti mtu njiani bila kumwonjesha. Ukimpita, harusi hiyo itasemwa vibaya. Na hawa walikuwa watoto wa watu, wamesimama juani, wamefanya kazi yao kwa heshima. Bi Asumini hakuweza kuwapita. Akaingiza mkono nyuma ya gari, akautafuta mkebe wa uzi mwekundu, kwa sababu si yeye wa kumpa mgeni kilicho cha pili.

"Usifungue huo!" mjomba alipaza sauti.

"Wawili tu, Mzee Salehe, vimejaa tele." Akashika uzi, akasita. "Mbona fundo hili si langu?" Alisema hivyo kwa sauti, mbele yetu sote, mwanamke asiye na la kuficha. Akalifungua. Akainua tabaka la kwanza, akawapa vileja, wakashukuru. Akainua la pili ili awaongezee, akaiona kaniki. Akaitoa, akaipima kwa kiganja. "Hiki nini tena?"

Mtu wa forodha aliweka kileja chake chini taratibu. Alifungua furushi juu ya meza. Yalikuwa mawe, vijiwe vya kijani, vingine vidogo kama dengu, ambavyo hata mimi nilijua kwamba ni mali ya nchi, na kwamba mtu hufungwa kwa ajili yake.

"Mikebe hii ni ya nani, ndugu?"

Mjomba alikunja uso wa huzuni, uso aliokuwa akiuvaa matangani. "Mimi ni mwenye gari na baba wa bibi harusi," alisema. "Vyakula vyote kapika huyu mama na kafunga yeye. Nyumba nzima shahidi. Kumbe ndiyo haya, Bi Asumini? Kwenye kombe la mwanangu?"

Mpaka leo natafuta neno la kumwita na silipati. Mtu wa forodha hakuwa mjinga, alikuwa amelisikia lile la fundo. Akanigeukia mimi. "Wewe binti, unakaa nao nyumba moja. Mkebe huu ulifungwa na nani?"

Mjomba alikohoa. Basi, hicho tu, kikohozi kidogo. Nilikuwa nimelelewa kutomkatiza mkubwa, kutomtazama usoni, kutomwambia mjomba kwamba amesema uongo hata akisema jua ni jeusi. Na nilikuwa nakula kwake, nalala kwake, ada ya chuo cha kupiga chapa kule Posta analipa yeye. Nitaje yote hayo, lakini yasihesabiwe kama udhuru. Nilitazama vumbi.

"Sijui," nilisema. Na sikuishia hapo. "Mimi nashinda chuoni, mzee. Mambo ya jikoni siyajui."

Siku tatu nilikuwa nimekaa uani namsagia iliki.

Bi Asumini hakulia. Mikebe mingine nayo ilikuwa imefunguliwa na kupekuliwa, akaomba ruhusa aifunge isiingie vumbi, akapewa. Akaifunga sita ile iliyobaki, fundo dogo, bapa, mmoja baada ya mwingine, na askari aliyeitwa kutoka kibandani amesimama nyuma yake. Akaniambia, "Visheti usivilaze, Hadija, asali itavuja." Kisha akaenda nao kibandani. Sisi waliandika majina yetu, wakatuachia tupite, maana harusi ilikuwa inasubiri na shahidi alikuwa ameshasema.

Tulipokwisha kupita upande wa pili, mjomba alishusha pumzi, akatafuta kitambaa akajipangusa shingo. "Umefanya vizuri," alisema. "Watu wa nyumba moja husitiriana." Nyumba moja! Na yule aliyemwacha nyuma alikuwa amelala nyumba ipi miaka tisa? Baadaye kidogo akaongeza, "Yule hana mume, hana mtoto. Nani atamsubiri? Atatoka tu." Alisema hivyo huku akikwepa mashimo barabarani kwa uangalifu, tusije tukavunja vileja.

Mombasa walitupokea kwa vigelegele. Mikebe sita ilipakuliwa kwenye sinia za shaba, wanawake wa kule wakavionja vileja wakatazamana, wakasema hawajala vya namna ile, na Rukia, aliyekuwa ametangulia huko wiki moja kabla yetu, akaangaza uso kwa fahari. "Somo yuko wapi?" aliniuliza. Mjomba akajibu kabla yangu, ameugua njiani, tumemwacha Tanga kwa watu. Nikaitikia kwa kichwa. Sahani ikanifikia. Nilikula vileja vinne. Ningependa kuandika kwamba vilinikaa kooni, lakini vilikuwa vitamu, nami nilikuwa na njaa.

Kariakoo, mjomba aliwakusanya wapangaji akawapa habari nyingine, kwamba Bi Asumini alikuwa mlanguzi, kwamba nusura aangamize familia yetu. Rukia aliambiwa hivyohivyo kwa barua na anaamini mpaka leo. Mwezi haukuisha, chumba cha mwisho kikapata mpangaji mpya, na vyombo vya Bi Asumini vikatolewa uani, kinu, chungu, mkeka tuliofundiwa juu yake. Mvua ikaanza kuvinyeshea. Mama Eliya alivibeba kimoja kimoja akaviingiza chumbani kwake, ambako tayari walikuwa wanalala watu sita, akitukana kwa Kichaga ukuta hadi ukuta. Halafu akanifuata jikoni.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu. Yule mama hajui hata jiwe la kusugulia miguu linauzwaje. Twende Tanga, alikofungwa, nauli nitatafuta mimi. Ukaseme."

"Sikuona kitu, Mama Eliya."

"Haya, mama," alisema. Hakunipa tena salamu mpaka alipohama nyumba ile.

Watu wa rika langu tunapenda kuilaumu miaka ile. Tunasema ni uhaba uliotuharibu, foleni, magendo, hofu ya kila mtu kumwogopa mwenzake. Nami nimesema hivyo mara nyingi, kwenye vikao, mbele ya wajukuu. Ni uongo wa kujipaka mafuta. Mama Eliya aliishi miaka ileile, chini ya bati lilelile, na sukari yake aliitoa. Mjomba hakuwa na njaa. Na mimi nilipoulizwa swali, sikuwa kwenye foleni ya kitu chochote.

Bi Asumini alirudi baada ya miezi minane. Ilikuwa saa nne asubuhi, niko uani nafua. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amekonda, kanga si zake, nywele zimenyolewa. Mama Eliya alikuwa sokoni, lakini mlango wake hakuwa akiufunga. Bi Asumini akaingia, akatoka na kinu na mkeka, vingine akaviacha. Alikuwa akienda kupanda basi la kusini. Nilipiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba."

Nilianza kusema. Nilikuwa na miezi minane ya maneno, na yote yalimhusu mjomba. Nilimwambia niliona kila kitu, chai, shuka, kaniki. Nilimwambia Salehe ni mnyama, Salehe ndiye aliyekuponza, Salehe Mungu atamlipa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Mjomba alikuwa chumbani kwake, dirisha la barazani liko wazi, nasikia redio yake.

"Salehe namjua, Hadija," alisema. "Pale mpakani sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akajitwisha mkeka, akachukua kinu, akatoka.